Firigisi ya Mgeni

Habari ya msiba ilinikuta Jumanne asubuhi, ndevu nimenyoa upande mmoja: mpishi wa zamani wa misheni, yule mzee wa mtaa wa Saio, ametutoka. Wengi wenu hamkumjua. Miaka mingi alimpikia padri mmoja Mwitaliano kule Mahagi, na waliokula kwenye meza ile walimshukuru padri. Mimi nilimjua, na tangu siku hiyo simu yangu ikilia nashtuka.

Mwezi mmoja kabla, alikuwa ameniita kwake. Alitaka niandike, yeye akiwa bado hai, jinsi ya kupika kuku wa wawindaji, upishi wa Kiitaliano aliofundishwa na padri huyo. Alisema ndicho kitu pekee anachokijua ambacho jirani zake hawakijui, na hataki kuzikwa nacho. Nikaenda na daftari na chupa ya divai. Jogoo alimchinja mwenyewe, akamnyonyoa kwa maji ya moto, akambabua juu ya makaa, akamkata. Nikadhani sasa atamchemsha, kama tunavyomfanya kila kuku wa kienyeji hapa Bunia. Alicheka sana. Hata yeye siku ya kwanza alimchemsha, padri akaonja mara moja tu akaomba mkate. Kuku huyu hukaangwa mkavu kwa mafuta na kitunguu saumu mpaka ngozi iwe nyekundu, ndipo hutiwa divai, halafu nyanya na majani membamba yenye harufu kali. Aliyaita majani ya padri. Wakati wa kukimbia vita alibeba kijiti chake ndani ya kitambaa kibichi, akaja kukipanda nyuma ya nyumba. Padri alipenda firigisi ikatwekatwe kwenye mchuzi. Mzee aliiacha nzima, kwa kuwa nyumbani kwake firigisi ni ya mgeni.

Akafunika sufuria. Sasa ni kungoja, alisema, na mwishoni kuna kitu anakiongeza, nitakiona kwa macho yangu. Hapo ndipo simu ililia. Mkubwa fulani alikuwa anaita waandishi wa habari. Nikafunga daftari.

"Utaenda namna gani, mutoto yangu?" aliniuliza. "Kuku yako ikingali ku moto."

Nikamwambia nitarudi Jumapili. Sikurudi Jumapili hiyo, wala iliyofuata. Mkubwa yule tulimngoja saa tatu nzima, na leo hata mnitie kitanzi shingoni sikumbuki alisema nini. Ndiyo kazi yetu hii, ndugu zangu: tunawakimbilia wenye vipaza sauti, na mwenye ujuzi mikononi tunamwambia atungoje. Naona aibu kuliandika.

Kwenye matanga nilimuuliza binti yake kile kitu cha mwisho ni nini.

"Sijue," alisema. "Siye tulikuwa tunakula tu."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikumuuliza. Siku ile baba yake aliifunika firigisi kwa sahani, akakataza mtu yeyote asiiguse. Kesho yake ilikuwa bado pale. Alikuwa ameketi mlangoni akitazama barabara, na wakimwambia ale, anasema mwenyewe atakuja.

Jumapili iliyopita nilimpika kuku huyo nyumbani, kwa daftari langu, na majani niliyopewa na binti yule. Harufu ilipanda vizuri, ikajaza nyumba, halafu ikafika mahali ikasimama. Nilifunua sufuria nikabaki na mwiko mkononi, nikingoja, kama vile kuna mtu nyuma yangu ambaye angenyoosha mkono na kutia kile kinachokosekana. Mke wangu aliniwekea firigisi kwenye sahani, kama desturi. Niliigeuza na kuigeuza, nikaifunika kwa sahani.

Kwa hiyo leo nawaomba kitu kimoja tu. Mtu akikuchinjia kuku, zima simu, kaa, mpaka aive.