Mizizi Niliyoifukia

Kaka yangu Reverien alifundisha baiolojia katika shule ya Titye, bara mbali na pwani, na bahari hakuwahi kuiona. Aliletewa mche wa mchu, aina ya mkoko, akaupanda kwenye pipa la tope na maji ya chumvi. Wanafunzi walilamba majani waonje chumvi ambayo mti huo huitoa. "Mwalimu, tuunge nayo maharage!" walimtania.

Mapafu yalipomlaza, aliniachia mti, pipa likaletwa uani kwetu. Nikaona mizizi yake imechomoza juu kama vijiti. Kwetu mizizi ya mgomba ikiwa wazi hufukiwa, basi nikaifukia yote, tena kwa upendo.

Majani yalipoanza kupukutika nikamwambia nilivyoifukia mizizi. Alivuta pumzi kwa shida. "Benita, ile ndiyo pua yake. Pwani kaa hutoboa tope, hewa ikapita. Huku kaa ni wewe. Nenda."

Nilifukua kwa vidole nikilia, "Ee Mungu, ukiupa huu pumzi, mpe na yeye." Mizizi ilikuwa imeoza. Niliporudi ndani, mama alikuwa ameshamfumba macho.

Tangu siku hiyo nikianza Baba Yetu, siimalizi.