Jenereta ya Athumani Haikuwa na Kosa

Ndugu msomaji, kosa lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza kuzunguka nitapata njia ya kulikwepa, na kukwepa nimekwepa vya kutosha.

Mimi ni mtu wa Kibiti. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na barabarani pakajaa mitumba, redio kaseti na vibanda vya video, nilikwenda Dar nikasoma kozi fupi ya kompyuta. Nilirudi na cheti na maneno mengi. Kwetu hapakuwa na mahali pa kuchapa kwa kompyuta. Walimu walikuwa wanapanda basi mpaka Dar kwenda kuchapa mitihani. Nikamwambia kaka yangu Selemani, "Tufungue ofisi ya kuchapa. Kompyuta nzima ni ghali, nitanunua vipande niiunge mwenyewe."

Kaka hakujua kompyuta, alijua korosho. Akaniuliza, "Una hakika utaweza?"

"Kaka, hiyo kazi ndogo sana kwangu."

Ukweli ni kwamba sikuwahi kuunga kompyuta hata moja. Kule kozini nilimwona mwalimu akiifungua na kuifunga, tena nilikuwa nimekaa nyuma. Kaka akauza korosho za msimu mzima kwa ajili yangu. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na kasha, madabodi, pawa saplai, yaani kile kiboksi kinachopokea umeme, na makorokoro mengine nimeyafunga kwenye kanga ili yasigongane ndani ya basi.

Wakati huo umeme wa gridi haujafika kwetu. Rafiki yangu Athumani, mtu wa Mbuchi, kule delta mto unapoingilia baharini, aliyehamia Kibiti, alikuwa na jenereta ya kuendeshea kibanda chake cha video. Nikamwomba atuvutie waya. Alikubali bila hata kuuliza atapata nini. "Ofisi ikisimama, na mimi nitajidai nina rafiki fundi," akasema huku anacheka.

Nikaiunga ile kompyuta sebuleni kwa kaka. Majirani walijaa, walimu nao wakaja kushuhudia. Nilikuwa naringa, wallahi. Kila kipande nilichoshika nilikitaja kwa Kiingereza ili wanisikie. Mwalimu mmoja akaniuliza kama hakuna kijitabu cha maelekezo. Kilikuwepo. Nilikiacha ndani ya boksi, nikiona kukisoma mbele za watu ni kujiaibisha.

Athumani akawasha jenereta. Balbu ikawaka, mwanga umetulia kabisa. Nikachomeka, nikabonyeza. Pakatoka mlio kama fataki, kisha moshi, kisha harufu ya plastiki inayoungua. Watu wakakimbilia nje.

Nilibaki ndani peke yangu. Nikaigeuza kompyuta kuitazama nyuma, nikakiona: kiswichi chekundu kwenye pawa saplai, cha kuchagua nguvu ya umeme. Kilikuwa kimekaa kwenye 115, umeme wa nchi za watu. Wa kwetu ni 230. Kukisogeza ni kazi ya ukucha. Siku zote zile sikukitazama hata mara moja.

Nikakisogeza pale pale, kikakaa kwenye 230. Sitakudanganya kwamba mkono ulijiendea wenyewe. Nilijua ninachofanya.

Nikatoka nje nikasema, "Umeme wa jenereta ni mchafu. Umepanda ghafla, umeunguza kila kitu."

Athumani akashtuka. "Lakini video yangu inatumia umeme huo huo kila siku."

"Video na kompyuta ni vitu viwili tofauti, bwana. Wewe huwezi kuelewa."

Nilimwambia hivyo rafiki yangu, mbele za watu. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, waliniamini mimi. Hata yeye mwenyewe aliniamini.

Kaka alikuwa amechanganyikiwa. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, tukakaa barazani kwa kaka baada ya swala ya alasiri. Athumani hakubisha. Alisema kama jenereta yake imeharibu mali ya watu, basi waichukue iwe fidia. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja, magoti yetu yanagusana. Ningeweza kusema. Niliinamisha uso, nikawa nachezea ukili wa mkeka.

Bila jenereta hakuna video. Athumani akafunga kibanda, akachukua mkewe na watoto, wakarudi Mbuchi kulima mpunga.

Yaliyofuata yananitia aibu zaidi. Kaka hakukata tamaa. Msimu mwingine tukanunua vipande vingine, na safari hii nilijifungia chumbani nikasoma kijitabu mpaka mwisho. Kile kiswichi nilikikagua kabla ya kitu kingine chochote. Kompyuta ikawaka. Na umeme tulitoa wapi? Kwenye jenereta ya Athumani, ile niliyosema ni chafu. Ilituendeshea ofisi miaka mingi na haikuunguza hata balbu. Wateja walikuja kutoka Ruaruke, wengine kutoka Nyamwage, ng'ambo ya mto.

Siku moja mke wa kaka akaniuliza, "Shemeji, hii si ndiyo ile iliyounguza? Mbona siku hizi imetulia?"

"Niliitengeneza," nikamjibu.

Watu wakanisifu na kwa hilo pia.

Gridi ilipofika, jenereta ikawekwa stoo. Nikaona bora nimrudishie mwenyewe, labda roho itatulia. Nikaipakia kwenye gari, halafu kwenye boti, mpaka Mbuchi. Athumani alifurahi kuniona, akaniita ndugu yangu, akaniwekea mkeka. Ile furaha iliniumiza kuliko kama angenitukana. Nikamweleza yote, mpaka kiswichi nilivyokisogeza.

Athumani akauliza, "Kwa hiyo mafuta hayakuwa na tatizo?"

"Mafuta gani?"

Ndipo nikajua. Baada ya kikao kile, Athumani alitafuta sababu ya jenereta yake kuunguza. Akamshuku mdogo wake Kassimu, aliyekuwa anatumwa kununua petroli, kwamba alichanganya mafuta ya taa ili chenji ibaki mfukoni mwake. Kassimu aliapa kwa Mwenyezi Mungu. Athumani akamfukuza. Mdogo mtu akaenda Dar, na tangu hapo hawakusemeshana. Mama yao alipofariki, Kassimu alikuja kuzika, akasimama upande wa pili wa kaburi, akaondoka bila kumpa mkono kaka yake.

"Kila alivyoapa ndivyo nilivyozidi kumwona mwongo," Athumani akasema. "Nilikuamini wewe, ndugu yangu wa damu nikamwona mwizi."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema amekataa. Alisema, "Jenereta rudi nayo, sina haja nayo. Kassimu nitamtafuta mimi. Wewe nenda Kibiti ukaseme, barazani pale pale, waliokuwepo wasikie."

Nikamwahidi. Mkewe akatuletea wali na samaki, nikala nimeinamisha kichwa.

Mpaka leo sijasema. Kaka amezeeka, na baadhi ya waliokuwepo wametangulia mbele ya haki. Kila Ijumaa nikielekea msikitini najiambia leo ndiyo leo, halafu naona wanavyonisalimu kwa heshima, "Shikamoo fundi," narudi nyumbani. Nasikia Athumani alimpata mdogo wake na wamepatana. Lakini Kassimu hapiti Kibiti. Akienda Mbuchi basi likisimama hapa hashuki hata kununua maji, na mimi ndiye ninayejua sababu: hapa ndipo uongo wangu ulipomgeuza mwizi.

Ndiyo maana naandika huku, bila jina. Najua sivyo nilivyomwahidi Athumani.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu sema siku ile ile, mbele ya hao hao waliokuona. Mimi niliogopa kuchekwa siku moja. Na kama wewe ndiye uliyesoma kuliko wenzako, chunga zaidi unachosema, maana watakuamini.