Sauti Chini ya Ngoma

Albamu yetu ya roki tuliirekodi Dagoretti Corner, katika chumba kilicho juu ya duka la rangi, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani. Tulikuwa watatu: mimi na gitaa langu, mpiga ngoma, na mwimbaji, rafiki yangu tangu shule.

Nina ugonjwa mmoja: kiitikio kikifika, mimi huchelewa kuingia. Kwa hiyo rafiki yangu alisimama kando ya ngoma akaimba sauti ya kutuongoza tu tulipokuwa tukirekodi ngoma, na kabla ya kila kiitikio aliniambia, "Ingia." Sauti yake yenyewe tungeirekodi baadaye.

Hiyo baadaye haikufika. Nilitaka kubadilisha maneno ya wimbo aliomtungia mama yake, tukagombana. Nikamwambia bendi ni yangu, kama hataki mlango ule pale. Nilidhani angenuna siku mbili, kama kawaida yake. Alichukua koti akaenda, na simu zangu hakushika tena.

Nikaimba mwenyewe, kwa kiburi tu. Fundi wa sauti alisikiliza, akanigeukia.

"Bado anaskika. Maiki za drums zilimshika. Nikimtoa, lazima turudie drums zote."

Mpiga ngoma alikuwa amesharudi Kakamega kufundisha.

"Mfunike na gitaa," nikasema.

"Sawa, boss. Lakini siku hizi unaingia poa sana."

Sikumwambia sababu. Kila nilipoimba, chini kabisa ya ngoma, niliambiwa niingie.

Albamu ilipokamilika niliisikiliza peke yangu nyumbani Kileleshwa, nikiongeza sauti pale ninapovuta pumzi ili nimsikie yeye. Nilikuwa mpweke, na nilijitakia mwenyewe.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili alasiri, katika ukumbi mdogo ghorofani, katikati ya jiji. Nilimtumia ujumbe aje, nikaacha jina lake mlangoni. Mara tatu nilimuuliza mwanamke aliyeketi pale na orodha kama amefika.

"Bado," alisema mara ya tatu, bila kuinua kichwa.

Tulianza na wimbo wa mama yake. Maneno yake nilikuwa nimeyarudisha yote. Mpiga ngoma wa kukodi alikuwa hodari, na ubeti wa kwanza niliumaliza vizuri. Kisha kiitikio kikafika. Ngoma zilikuwa safi, hazina mtu ndani yake. Nilisimama mbele ya maiki, mdomo wazi, nikisubiri aniambie, na kiitikio chote kikanipita.