Ndoo ya Vitumbua ya Ofisi ya Walimu

Mie niliishia darasa la tano, huenda haya nayaandika vibaya. Lakini nataka yakae kama yalivyokuwa, nisimwonee mtu.

Binti yangu alikuwa darasa la nne, shule ya huku kwetu Temeke. Kila asubuhi nilimpa ndoo ndogo ya vitumbua akawauzie walimu ofisini. Walivipenda. Ikikaribia saa nne anawapangia kwenye sahani, anawamiminia chai, anaosha vikombe, anarudi darasani. Ndivyo nilivyojua. Majirani walinitania, "Mwanao kashakuwa mwalimu!" nami nacheka, najiona mtu. Mtoto anayejulikana na walimu atafeli vipi?

Akafeli. Akaambiwa akariri darasa. Mwaka mpya akaanza tena la nne na watoto wadogo kwake, na ndoo akaendelea kuibeba.

Jioni moja nikampa daftari la mdogo wake wa darasa la pili asome. Akaukodolea macho mstari wa kwanza mpaka jasho likamtoka.

"Mama, saa ya kusoma mie huwa ofisini."

Kumbe maji ya vikombe yanachotwa bombani, na bomba lina foleni. Akirudi, kipindi kimeisha.

Nilikwenda shule nimevimba kwa hasira. Mwalimu wake, mdogo sana kwangu, akasimama. "Shikamoo mama." Hasira ikapungua hapohapo.

"Watoto wamejaa mpaka mlangoni, mama," akasema. "Mmoja akikosekana sioni. Halafu nilijua wewe ndo umemtuma."

Kweli nilimtuma mie. Vitumbua walikula wao, hela nilikula mie.

Tukakubaliana ndoo nipeleke mwenyewe, na kila mwalimu aoshe kikombe chake. Nilidhani mtoto atafurahi. Kulipokucha akaing'ang'ania ndoo, analia.

"Niache niibebe, mama! Darasani wananiita bibi kizee. Ofisini wananiita sista, wananiambia ahsante."

Nikamnyang'anya. Mpaka leo sina uhakika kama ilifaa kumnyang'anya vile, bila hata neno.

Siku hiyo nikiwa ofisini napanga vitumbua, nilimsikia kupitia dirishani, darasa lao liko jirani. Ameinuliwa asome. Akasoma neno moja, akanyamaza. Wenzake, watoto wanaomfika begani, wakacheka.

"Kimya!" mwalimu akasema. "Soma tena."

Akasoma lile lile moja. Akakwama.

Nilitamani nimwite atoke, niseme nina shida naye. Sikumwita. Neno la pili likamshinda tena, na mwalimu hakumruhusu kukaa.