Mchuzi wa Konokono wa Luhira

Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipojifunza kupika konokono wa mtoni, na mpaka leo sipendi kuulizwa nilijifunzia wapi.

Sisi Wangoni tulijiona watu wa ng'ombe, na waliokula konokono tuliwacheka. Kisha vita vya Maji Maji vikatushinda. Askari wa Mjerumani wakapita vijiji vya Songea wakichoma maghala ya ulezi na mahindi, wakaswaga ng'ombe, na kicheko chetu kikaishia hapo. Tulichimba ming'oko, viazi vya porini, hadi ikaadimika. Baba alikuwa vitani, hatukujua yu hai au amekufa. Nyumbani tulibaki mimi, mama, mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, na Bibi, mama yake baba.

Bibi aliwajua konokono tangu usichana wake, kabla Wangoni hawajamteka na kumwoza kwao. Alinipeleka mto Luhira, juu kabisa ya kivuko, kwa sababu chini yake maji yalikuwa na mizoga. Tuliokota waliofunga vizuri mlango wao, kile kifuniko cha mdomo wa gamba. Aliyelegea na kunuka alitupwa. Tuliwaweka siku mbili kwenye chungu cha maji safi, tukiyabadilisha asubuhi na jioni ili wateme tope. Kisha walichemshwa mpaka kuni ziishe. Nilizoea kuchokoa nyama kwa mwiba, nikakata utumbo mweusi wa mwishoni na kusugua ute kwa majivu. Nyama ilikuwa ngumu, lakini nguvu ilirudi miguuni.

Mama hakula. Bibi alikataza. Alisema konokono akiguswa hufunga mlango, na mke wa mtu aliye vitani akimla, mumewe hufungiwa mlango asirudi tena. Bibi hakuwa mtu mbaya. Mwanawe alikuwa mmoja tu, naye alishika alichoweza kushika.

Mama alibaki na majani ya porini na maji ya moto. Miguu ilimvimba, viganja vikaparara vikawa vyeupe, maziwa yakakauka. Mdogo wangu alinyonya, akaachia, akalia, na mwishowe hata kulia akachoka. Siku moja Bibi alipokwenda kutafuta kuni, nilimpelekea mama bakuli la mchuzi. Aliunusa kwa muda mrefu.

"Nikinywa, baba yako asiporudi, nitajua ni mimi," akasema, akanirudishia bakuli.

Sikubishana naye. Kesho yake niliuchanganya mchuzi huo na majani yake, nikaweka magadi mengi kuua harufu. Akala. Nilifanya hivyo kila siku, bila kumwambia mtu. Baada ya siku chache mama aliweza kukaa bila kuegemea ukuta. Maziwa yakaanza kutoka, kidogo, na mtoto akapata sauti ya kulia tena. Nilijivuna sana moyoni.

Ndipo jirani mmoja akaja kutwambia kwamba baba amekamatwa, amefungiwa ndani ya boma la Songea. Bibi alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mama aliuliza neno moja tu.

"Amefungiwa?"

Nilijua ni nani aliyeufunga ule mlango. Jioni hiyo niliyapika majani ya mama kwa maji matupu, na kila jioni iliyofuata, nikiamini kwamba nikiacha, mlango utafunguka. Mdogo wangu alikufa kwanza. Mama alimfuata kabla mvua hazijaanza. Baba hakutoka bomani akiwa hai.

Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikiwa na hakika kwamba nilimuua baba yangu. Sikumwambia mume wangu wala padri. Kisha mzee mmoja aliyefungwa pamoja na baba alikuja kutusalimia, nikamuuliza walikamatwa lini. Akasema walikamatwa siku zile maghala yalipokuwa yanaungua. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameokota hata konokono mmoja. Habari tu ndiyo ilichelewa kutufikia.

Nilimkaribisha ugali, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, si kwa faraja.

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu mjamzito kliniki ya misheni. Muuguzi, binti mdogo tu, aliwaambia akina mama kwamba konokono wa mtoni huongeza damu na kumfaa anayenyonyesha, mradi atolewe kwenye maji safi na achemshwe sana, kwa maana akiwa mbichi ana minyoo. Wengine walikunja pua. Mjukuu wangu akaniuliza kama ni kweli, maana mimi ni mzee, nimeona mengi.

Nikamwambia ni kweli, nami nitampikia mwenyewe. Sikumwambia kwamba niliwahi kumpikia mama yangu, wala kwamba alikuwa anapona nilipoacha.