Mabibo Mawili

Tarumbeta imekwaruza redioni, na harufu ya mabibo yaliyoiva mikoroshoni inaingia dirishani.

"Haya, mchambuzi, mchinje huyo," mume wangu ananichokoza. Hapa nyumbani ndiyo kazi yangu. Sijawahi kusamehe bendi yoyote ya dansi, mimi ambaye nikifika Masasi tu nahesabiwa nimesafiri.

Mchana mmoja wa kiangazi, nikiwa bado msichana, bendi ya wageni ilikuja kupiga uwanjani, hapa hapa Newala. Mpuliza tarumbeta, kijana aliyekuwa bado anajaribiwa, akabisha hodi kwetu.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mdogo wangu. Nisaidie maji, kinywa kimekauka."

Ndoo ilikuwa nusu. Ikiisha, ni mimi wa kuteremka bondeni na kuipandisha kichwani.

"Maji hatuna," nikasema, nikampa mabibo mawili mekundu yanayochuruzika.

"Ahsante sana. Matamu haya!"

Mpulizaji wa huku angeyakataa kabla ya kupiga. Utamu wa bibo ukipita, unabaki ukakasi, na midomo inakuwa kama imepigwa msasa. Zamu yake ilipofika kule uwanjani, tarumbeta ikalia kama bata.

"Mpeni filimbi!" watu wakapiga kelele. Nilicheka kuliko wote, mpaka kiongozi wao alipompokonya tarumbeta mbele ya umati.

Gari lao lilipopita kwetu likiondoka, aliniona mlangoni. Akanipungia mkono, akitabasamu.

"Vipi, mchambuzi?" mume wangu anauliza. "Hujamsikia anavyoharibu?"

"Mwache," nasema. "Labda ana kiu."