Maji ya Miguu

Harufu ya sabuni ya kipande hunirudisha nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Section 58, jioni, miguu yetu watoto wote ndani ya karai moja. Vumbi limetufika magotini. Mama anatusugua visigino kwa jiwe na maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. "Leo mmecheza ama mmelima?" anauliza, na sisi tunacheka tu.

Leo namwosha mwanangu miguu kwa sabuni hiyo hiyo. Macho yake yako kwa simu niliyompa asubuhi ili nipate kutulia. Mguu ameniachia tu, kama si wake. Namaliza, na maji bado ni safi kama ya kunywa.

Mama, aliyekuja kututembelea, anaita kutoka jikoni, "Umemaliza kuosha huyo mtoto?"

Nayamwaga haraka kabla hajakuja kuyaona.